Kuiunganisha PostgREST iliyo ndani ya kontena na kanzidata iliyotangulia

Chama cha akiba na mikopo ninachokitunzia kompyuta kina kanzidata ya PostgreSQL (programu ya kuhifadhi data kwenye majedwali) ambayo imekaa kwenye mashine moja ya ofisini tangu kabla sijafika. Kila mchana katibu hukaa dirishani, hupokea kitabu cha mwanachama, huingiza kiasi kilichowekwa, hugonga mhuri na kukirudisha kitabu, na tarakimu aliyoiandika hapo ndiyo akiba ya mtu, pengine ada ya mtoto wake ya muhula ujao. Uongozi uliponiomba niwawezeshe wanachama kuona salio lao kwa simu, niliamua kwamba kanzidata hiyo haitaguswa zaidi ya inavyolazimu. Kontena, yaani kifurushi kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na mashine, naweza kulifuta na kuliunda upya kwa dakika moja, lakini kumbukumbu za akiba zikipotea hakuna wa kuziunda upya.

Nilichagua PostgREST, programu inayosoma muundo wa PostgreSQL na kutoa API ya HTTP (lango la wavuti ambalo programu nyingine huulizia data) moja kwa moja kutoka humo, nikaiendesha kwa Docker, programu ya kuendesha makontena. Tatizo la kwanza nililokutana nalo ni kwamba maelekezo mengi huanza na faili la Compose (chombo cha Docker cha kuinua makontena kadhaa kwa pamoja) linaloinua makontena mawili kwa pamoja, moja la API na lingine la PostgreSQL mpya isiyo na kitu. Kwa anayejifunza hilo linafaa sana. Kwa mwenye kanzidata inayofanya kazi linamwelekeza kuhamisha data zake zote kwenda ndani ya kontena, na mimi sikuona sababu ya kuhamisha kitu ambacho programu ya katibu imekizoea na ambacho kila usiku kinachukuliwa nakala kwa pg_dump, zana ya nakala ya PostgreSQL.

Kwa hiyo niliacha kanzidata ilipo, nikaandika anwani yake kwenye PGRST_DB_URI, mpangilio unaoiambia PostgREST kanzidata iko wapi, kama ninavyoiandika kila siku, yaani localhost na mlango 5432. Jibu lilikuwa muunganisho umekataliwa. Kila kontena lina mtandao wake, na ndani yake neno localhost humaanisha kontena lenyewe, si mashine iliyolibeba. PostgREST ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Docker kwenye Linux hutoa anwani ya kuifikia mashine mwenyeji, ambayo kwa mtandao wa kawaida wa daraja (bridge, mtandao wa ndani unaounganisha makontena na mashine) huwa 172.17.0.1, na tangu toleo 20.10 unaweza kuandika host.docker.internal:host-gateway kwenye extra_hosts ili uitumie kwa jina. Hata hivyo PostgreSQL kwa kawaida husikiliza localhost pekee, hivyo inabidi uiongezee anwani hiyo kwenye listen_addresses, kisha uandike kwenye pg_hba.conf, faili la ruhusa za kuingia, kwamba wageni wa mtandao huo wanaruhusiwa.

Nilifanya yote hayo, ikakubali, na nikafurahi mapema mno. Nilipohamia kwenye Compose, muunganisho ulikataliwa tena, safari hii kwa maelezo kwamba hakuna mstari wa pg_hba.conf unaomhusu mgeni huyo. Compose huunda mtandao wake kwa kila mradi, kwa hiyo kontena halikuwa tena kwenye 172.17. Niliupa mtandao wa mradi anwani za kudumu, nikarekebisha mstari wa ruhusa, nikaielekeza PostgreSQL isikilize lango la mtandao huo mpya, mambo yakatengemaa. Kisha umeme ukakatika. Uliporudi, mashine iliwaka yenyewe, PostgreSQL ikatangulia kuamka kabla Docker haijalijenga daraja, ikashindwa kushika anwani ambayo bado haikuwapo, ikaandika onyo kwenye kumbukumbu zake na kuendelea na localhost. Katibu hakuona tofauti yoyote, lakini API ilikuwa imekufa, na iliniwia vigumu kuelewa jinsi usanidi uliofanya kazi jana unavyokataa leo bila mtu kuugusa.

Hapo ndipo niliachana na mtandao kabisa nikatumia soketi ya Unix, faili maalumu ambalo programu za mashine moja huwasiliana kupitia kwake, na njia hii ndiyo ninayompendekezea kila mwenye kanzidata na kontena kwenye mashine moja. PostgreSQL kwenye Debian na Ubuntu huweka soketi yake katika saraka ya /var/run/postgresql. Saraka hiyo ukiionyesha ndani ya kontena kama volume, na ukiandika host=/var/run/postgresql mwishoni mwa anwani ya muunganisho, hakuna haja ya kubadilisha listen_addresses wala kusubiri daraja lolote. Onyesha saraka nzima, si faili la soketi peke yake, kwa sababu PostgreSQL ikianza upya huunda faili jipya na kontena hubaki limeshikilia lile la zamani lisilo na mtu upande wa pili. Jambo lingine ni kwamba miunganisho ya soketi kwa kawaida huthibitishwa kwa njia ya peer, inayolinganisha jina la mtumiaji wa mfumo na jina la mtumiaji wa kanzidata, na mtumiaji wa ndani ya kontena kwa kawaida halingani na akaunti hiyo. Niliongeza mstari mmoja wa local juu ya ule wa peer, wa kanzidata hiyo moja na akaunti hiyo moja, unaodai nenosiri kwa njia ya scram-sha-256. Nenosiri lenyewe likiwa na alama ya @, andika %40 ndani ya anwani.

Kuhusu ruhusa nitakaa kidogo, maana kosa la hapa linatoa siri za watu. Akaunti inayoingia kwenye kanzidata niliiumba kwa NOINHERIT, yaani hairithi moja kwa moja haki za akaunti nyingine, haimiliki chochote, na kazi yake ni kubadilika tu kuwa akaunti nyingine kulingana na tokeni (kitambulisho cha kidijitali cha anayeomba) iliyoletwa. Asiye na tokeni huwa akaunti isiyoweza kusoma jedwali lolote. Majedwali ya zamani, yenye namba za vitambulisho na za simu, sikuyaweka wazi hata moja. Nilitengeneza skima (fungu la majedwali) mpya iitwayo api, na ndani yake mwonekano, yaani dirisha la kusomea jedwali la chini, wenye safu-wima tatu: namba ya mwanachama, tarehe na kiasi. Kwenye jedwali la chini niliweka sheria ya safu-mlalo inayomruhusu mwanachama kuona za kwake pekee, kwa kulinganisha na namba iliyo ndani ya tokeni.

Nilijaribu kwa tokeni mbili za majaribio, na ya kwanza ikaniletea akiba za chama kizima. Mwonekano wa PostgreSQL kwa kawaida husoma kwa mamlaka ya aliyeuunda, na niliuunda kwa akaunti ya postgres, ambayo sheria za safu-mlalo haziihusu. Tangu toleo 15, la mwaka 2022, mwonekano unaweza kuwekewa security_invoker ili usome kwa mamlaka ya anayeuliza. Sharti lake ni kwamba akaunti ya mwanachama nayo ipewe ruhusa kwenye jedwali la chini, kwa hiyo niliipa SELECT, ruhusa ya kusoma, ya safu-wima hizo tatu tu. Nikaituma NOTIFY pgrst, 'reload schema', ili PostgREST isome muundo upya, nikarudia jaribio, na kila tokeni ikaleta ya mwenyewe. Nakuomba usiruke jaribio la tokeni mbili, kwani tokeni moja yenye data sahihi mbele ya macho haikuonyeshi kinachovuja.

Mlango wa API niliuandika 127.0.0.1:3000:3000, na mbele yake nikaweka nginx (seva ya wavuti) yenye TLS, usimbaji wa mawasiliano. Ukiandika 3000:3000 peke yake, Docker hufungua mlango kwa anwani zote za mashine, na sheria zake hupita kabla ya zile za ufw, programu ya ngome ya mtandao, hata kama ufw inakuambia mlango umefungwa. Pia nilipunguza PGRST_DB_POOL, kikomo cha miunganisho ya PostgREST kwenye kanzidata, kutoka 10 ya kawaida hadi 5, ili siku wanachama wakiuliza kwa wingi API isinyang'anyane miunganisho na programu ya dirishani.

Imeji, yaani kiolezo ambacho kontena huundwa kutoka kwacho, niliibana kwa namba kamili ya toleo. Nilipoibadilisha mara ya kwanza ilikuwa mchana, katibu akiendelea na vitabu vyake. Niliondoa kontena la zamani, nikainua jipya, kisha nikaomba vitabu vitano vilivyokuwa mezani na, kwa idhini ya wenyewe waliokuwa kwenye foleni, nikalinganisha salio la simu na lile lililogongwa mhuri, mstari kwa mstari.