Dakika 12 Kabla ya Chakula: Ibada ya Nyumbani Ilivyosimama Kwetu

Ushauri wa kwanza anaopewa karibu kila mzazi Mkristo, na ambao kwa maoni yangu umeua ibada nyingi za nyumbani kuliko uvivu, ni huu: anzeni Mwanzo 1, someni sura moja kila jioni mpaka Ufunuo. Hutolewa kwa nia njema, mara nyingi na mtu ambaye watoto wake walishaoa na kuolewa. Biblia ina sura 1,189. Kwa sura moja kila siku bila kuruka hata siku ya msiba, ni zaidi ya miaka mitatu. Mtoto aliyeanza akiwa darasa la kwanza atamaliza akiwa la nne.

Na hafiki. Mwanzo inakwenda vizuri, ukiacha sura ya 19, ya 34 na ya 38, ambazo baba anajikuta amezifungua mbele ya mtoto wa miaka sita bila kujiandaa. Kitabu cha Kutoka kinanoga mpaka sura ya 20: mapigo, bahari, mana, amri kumi. Kisha unaingia sura ya 25, sanduku la dhiraa mbili na nusu kwa dhiraa moja na nusu, pazia, vitanzi, vikuku, misumari ya shaba, na sehemu kubwa yake inarudiwa tena kuanzia sura ya 35. Ukivuka hapo salama unakutana na Walawi 13, mistari 59 ya sheria za ukoma. Hapo ndipo sisi tulipofika, na wengi wa majirani zetu walifika hapohapo: mdogo amelala, wa kati anachezea kandambili chini ya meza, msomaji anakimbiza maneno ili amalize. Walawi ina mahali pake. Kijana wa kipaimara akiisoma pamoja na Waebrania 9 anaielewa vizuri kabisa. Lakini kuiweka njiani kama geti ambalo watoto wa umri wote walipitie kwa pamoja, jioni, wakiwa na njaa, ni kuwafundisha kwamba Neno la Mungu linachosha.

Kilichosimama nyumbani kwetu ni ibada fupi, iliyofungwa kwenye jambo ambalo lingefanyika tu hata kama hakuna ibada, na ambayo kila mtoto ana kazi ndani yake.

Jambo lenyewe ni chakula cha jioni. Si saa. Ukisema saa moja na nusu kamili, siku baba amechelewa kwenye foleni au umeme umekatika, ibada imeshakufa na kesho yake ni rahisi zaidi kuiacha. Lakini ugali utaliwa tu. Kwa hiyo sahani zikishawekwa mezani na sufuria ikiwa imefunikwa, tunakaa. Kabla ya kula, si baada. Baada ya kula wadogo wanasinzia na wakubwa wana masomo ya shule. Kabla ya kula wote wapo, na harufu ya mchuzi inamzuia msomaji asihubiri. Dada wa kazi anakaa nasi kama mtu wa nyumbani, na zamu ya kusoma inamfikia kama wengine. Ukimwacha jikoni wakati mnamwabudu Mungu sebuleni, watoto wamejifunza somo jingine kabisa.

Baba asipokuwepo, mama anaanza. Naandika hili kwa ajili ya kina mama wanaolea peke yao na wanaoambiwa kwamba nyumba isiyo na baba haina kuhani. Timotheo baba yake alikuwa Myunani, tunasoma Matendo 16:1, na Paulo anapoitaja imani iliyomtangulia kijana huyo anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Dakika zinagawanyika hivi: wimbo mmoja, beti mbili tu, dakika mbili, kusoma dakika tatu, maswali dakika nne, ubao wa kukariri dakika moja, maombi dakika mbili. Jumla 12. Siku ya wageni tunapunguza maswali, hatufuti ibada. Mgeni anakaa nasi na anaimba.

Tunasoma Injili ya Marko kwanza. Ina sura 16, mwendo wake ni wa haraka, na kila kisa kinajitegemea. Tunachukua mistari kama 10 kwa jioni, jioni tano kwa wiki, na inaisha baada ya takriban miezi mitatu. Usikate kisa katikati ili utimize hesabu ya mistari: aliyepooza akishushwa darini, 2:1–12, msome mpaka ajitwike godoro lake. Tufani ya 4:35–41 ni mistari saba tu na inatosha jioni nzima. Binti Yairo na mwanamke mwenye kutokwa damu, 5:21–43, wamefumwa pamoja. Ukiwatenganisha unaua kisa, kwa hiyo siku hiyo toa wimbo. Baada ya Marko tunakwenda Mwanzo 37 hadi 50 tukiacha sura ya 38, kisha Ruthu, kisha Danieli 1 hadi 6, kisha nusu ya kwanza ya Matendo. Kwa kusoma tunatumia Biblia Habari Njema, kwa sababu mtoto wa darasa la pili anaweza kuisoma kwa sauti bila kukwama. Kwa kukariri tunatumia tafsiri ya Union ya 1952, ambayo ndiyo wataisikia kanisani na kwenye mazishi ya bibi zao.

Maswali ni matatu na hayabadiliki. Nani yumo? Nini kimebadilika tangu mwanzo wa kisa mpaka mwisho? Kipi kimekushangaza? Mdogo anajibu la kwanza, na hakuna wa kumrukia. La tatu ni la mkubwa, na jibu lake halisahihishwi hapo mezani. Ukimsahihisha mara mbili, mara ya tatu atasema "hakuna". Swali likinishinda nasema nimeshindwa, linaandikwa kwenye karatasi ndani ya Biblia, na Jumapili mwenye swali ndiye anayempelekea mwinjilisti au mchungaji. Mtoto aliyezoea kumuuliza mchungaji akiwa na miaka tisa hatamwogopa akiwa na kumi na saba.

Sasa ubao. Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na ndilo ninalojivunia. Ni kipande cha plywood cha upana wa mikono miwili, kimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili, kimetundikwa karibu na meza. Pamoja na chaki hakikumaliza hata elfu kumi, maana plywood ilikuwa ya mabaki ya fundi.

Watoto wengi wanaijua Zaburi 23 mpaka "sitapungukiwa na kitu" na wanapotelea kwenye bonde. Sababu ni kwamba kila mara wanaanzia mwanzo, basi mstari wa kwanza unarudiwa mara mia na wa sita mara chache mno. Sisi tunaanzia nyuma. Wiki ya kwanza ni mstari wa 6, ya pili wa 5 ukiunganishwa na wa 6, na kadhalika. Kila unapoongeza mstari mpya, mtoto anatoka kwenye asichokijua kwenda kwenye anachokijua, na sauti inapanda badala ya kufifia. Wiki sita, zaburi imekaa.

Jumatatu tunaandika mstari wote: "Hakika wema na fadhili zitanifuata siku zote za maisha yangu, nami nitakaa nyumbani mwa Bwana milele." Maneno 16. Tunausoma pamoja mara mbili, basi. Jumanne kila mtoto anachagua neno moja analifuta kwa kidole, na mahali pake anaweka mstari wenye urefu uleule wa neno. Aliyefuta ndiye mlinzi wa neno hilo. Tukisoma tukafika kwenye pengo, wote tunanyamaza na mlinzi peke yake analisema. Jumatano wanafuta tena, na kila mmoja ana mapengo mawili ya kulinda. Siku ya kwanza wanafuta vya rahisi, "na", "za", "mwa". Siku ya tatu wanaanza kushindana kufuta vigumu, maana anayelinda "zitanifuata" ana heshima kuliko anayelinda "na". Ijumaa ubao umebaki mistari mitupu na alama za mkato, na zaburi inatoka. Mdogo asiyejua kusoma naye anafuta. Anaonyeshwa neno, analishika kwa sikio.

Yanayoharibu ubao ni mawili. Kwanza, mzazi kufuta mwenyewe ili kuharakisha. Ukifuta wewe, hakuna mlinzi, limekuwa zoezi la shule. Pili, na hili linaniudhi hasa, kuna wanaoshauri mtoto akikosea aandikishwe mistari ya Biblia mara 50 kama adhabu. Mtoto wa namna hiyo atauchukia mstari huo mpaka uzeeni.

Maombi nayo yana kosa lake kubwa. Mzazi anafumba macho, anaanza: "Ee Bwana, msaidie mwanangu huyu aache kuchukua sukari kabatini." Yule mtoto amesemwa mbele za watu, tena hawezi kujibu kwa sababu ni sala. Ukiwa na neno na mtoto, mwite pembeni mzungumze. Kwenye maombi ya pamoja kila mtu anataja shukrani moja na mtu mmoja asiye wa nyumba hii: jirani mgonjwa, mwalimu, mwanafunzi mwenzake aliyefiwa. Sentensi moja inatosha. Tunamaliza kwa Sala ya Bwana na tunafunua sufuria.

Anayedhani huu ufupi ni ulegevu amkumbuke Luther. Mwaka 1528 alishiriki kukagua sharika za Saksonia, akakuta watu wazima wasiojua hata Amri Kumi, na mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya imani. Sehemu zake zilielekezwa kwa mkuu wa nyumba, awafundishe watu wake kwa njia nyepesi. Sala zake za asubuhi na jioni ni aya fupi, na baada ya ile ya jioni anasema ulale mara moja, kwa furaha. Sisi Walutheri tumeiacha kazi hiyo kwa darasa la kipaimara, kisha tunashangaa kijana anakariri maelezo ya amri wiki moja kabla ya mtihani.

Utoaji hatuufundishi kwa maneno. Sarafu ambayo mtoto anapewa mlangoni mwa kanisa si sadaka yake. Yeye ni tarishi tu. Kila mtoto akifika miaka saba hivi anapewa tetea mmoja wa kienyeji, wake kabisa, na kazi yote ya pumba na maji ni yake. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo kabla ya kuatamia. Hapo hesabu ya fungu la kumi haihitaji mwalimu. Yai la kwanza linawekwa alama ya msalaba kwa penseli na kuwekwa kando, kwa kuwa Mithali 3:9 inasema malimbuko, haisemi masalio. Ukingoja yai la kumi, mtoto ameshapanga yote tisa na la kumi linamuuma. Linabebwa kwenye kikopo chenye pumba, kamwe si mfukoni. Baada ya ibada, kwenye mnada wa mazao nje ya kanisa, mzee wa kanisa analinyanyua na yai moja linapanda bei mara nyingi kuliko la dukani.

Waonye ndugu mapema. Mjomba mwenye moyo mzuri atalinunua lile yai kisha amrudishie mtoto akimpapasa kichwa, na hapo umeanza upya. Mwambie: linunue, ule. Walio mjini wasio na banda wanaweza kutumia mchicha kwenye viroba. Unavunwa baada ya wiki tatu au nne, na fungu la kwanza kati ya kumi linakwenda kanisani.

Kuhusu kuadhibu, wapo wanaoijua Mithali 13:24, ile ya fimbo, kwa kichwa na hawajafika Waefeso 6:4, "msiwachokoze watoto wenu". Kwetu kosa la kuchukua cha mtu linafuata njia ya Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19: kusema nilichukua nini, kumwambia mwenyewe, kisha kurudisha na nyongeza. Zakayo alisema mara nne. Kwa mtoto tunadai mara mbili, kwa kazi anayoiweza, kama kuteka maji au kuosha vyombo, na likiisha halitajwi tena, hata kwa utani, hata mbele ya shangazi.

Mkubwa akienda bweni, anaondoka na daftari lenye zaburi alizozilinda, kwa mwandiko wake mwenyewe, na ratiba ya usomaji wa nyumbani ya muhula mzima. Anasoma tunachosoma. Siku ya kutembelewa hatuanzi na alama za mtihani. Wadogo zake wanafungua Biblia mahali tulipofikia na kumuuliza lile swali la tatu, maana ni lake.