Mkono wa Shangazi

Shangazi alikuwa akianguka. Neno kifafa hatukulitamka mbele yake, tulisema "kuanguka" tu, na pale kwetu Kibosho kila mtoto alijua asimwache peke yake karibu na mafiga. Dawa alimeza miaka tisa. Zilimpa usingizi mwingi, kuanguka kukaendelea.

Julai 2013, ule ubaridi wa mawingu kulala juu ya mabati, nilishuka naye Moshi mjini. Tulifuata presha. Kuanguka tulishakuzoea. Daktari, kijana mdogo, alimfunga mkanda wa kupimia, akaujaza upepo, mara akaitwa mlangoni na nesi. Maongezi yakanoga. Zikapita dakika mbili, tatu.

"Mwanangu, hebu angalia huu mkono," shangazi akaninong'oneza.

Vidole vilikuwa vimenyooka na kubanana, gumba limelala kiganjani, kifundo kimepinda. Kama mtu anayetaka kuchota chumvi kwenye chupa yenye mdomo mwembamba.

Daktari aliporudi hakuharakisha kumfungua. Aliutazama mkono, kisha akamwomba ashushe mtandio. Kovu la upasuaji wa rovu, 1988.

"Shingo na presha wapi na wapi?" shangazi akauliza.

Akachukuliwa damu. Majibu yalipotoka daktari alianza na albumini, kwa kuwa karibu nusu ya kalsiamu ya kwenye damu husafiri imejishikiza kwenye protini hiyo. Albumini ikishuka, kalsiamu nayo huonekana ndogo bila ugonjwa. Yake ilikuwa sawa. Kalsiamu ilikuwa 1.5, ilipotakiwa walau 2.1. Homoni ya paratairoidi, protini nyingine hiyo, ilikuwa kama haipo. Hutolewa na vitezi vinne vidogo nyuma ya tezi la shingo, kila kimoja kama punje ya mchele, na mpasuaji akiondoa rovu anaweza kwenda navyo bila kujua. Bila homoni hiyo kalsiamu hushuka, na ikishuka hivyo misuli hubana yenyewe kama ule mkono, na mtu huweza kuanguka kama mwenye kifafa.

Halafu picha ya kichwa. Madoa meupe, kulia na kushoto, katikati kabisa ya ubongo, kana kwamba mtu kachovya vidole kwenye chokaa akamgusa humo ndani.

Hapo nikashindwa kuelewa. Kalsiamu imeadimika kwenye damu, ubongoni imejaaje? Daktari akasema jibu liko kwa fosfeti, madini mengine ya kwenye damu. Homoni ile ndiyo huiamuru itoke kwa mkojo. Ikikosekana, fosfeti hurundikana, ikaikamata hiyo kalsiamu kidogo iliyopo, vikaganda pamoja kwenye vijishipa vya ubongo. Alituuliza na habari za ukoo, maana wapo wanaorithi chokaa hiyo huku kalsiamu na homoni zao zikiwa sawasawa. Kwetu hakuna.

Shangazi alichukia kweli. Alidhani anaambiwa hali chakula kizuri. "Daktari, mimi nimekunywa maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe tangu sijaota meno!"

Mimi nilichukia kwa sababu nyingine. Waliomwandikia kifafa miaka yote hiyo hawakumwomba hata mara moja ashushe mtandio.

Alianzishiwa vidonge vya kalsiamu vya kula na chakula, na vitamini D ya aina yake. Madoa hayafutiki, tuliambiwa mapema. Lakini kufikia Krismasi alikuwa anakoroga mtori mwenyewe, karibu na moto, na watoto wamesahau kumlinda.

Tuliporudi kliniki, mkanda ulipojaa upepo, alimzuia daktari asiufungue. "Uache kidogo, baba." Akaanza kuhesabu kwa sauti, macho kwenye kiganja. Alipofika mia mbili, vidole vilikuwa bado vimelegea juu ya meza.