Mstari wa Yuropiamu

Oktoba 2017 ilinikuta Cape Town nikisomea shahada ya uzamili ya fizikia ya anga. Tarehe 16 mwezi ule dunia ilitangaziwa kwamba nyota mbili za neutroni, yaani masalia mazito mno ya nyota zilizolipuka, zimegongana, na SALT, darubini kubwa iliyoko Sutherland kwenye nyanda kavu za Karoo, ilikuwa miongoni mwa zilizowahi kuunasa mwanga wake. Idarani kila mtu alizungumzia dhahabu inayozaliwa katika mgongano kama huo. Mimi akili ilikuwa kwenye nyota moja kongwe niliyopewa kuichunguza.

Nyota za aina hii zilizaliwa ulimwengu ukiwa bado mchanga, kabla milipuko ya nyota nyingi haijatia gesi chuma, kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Yangu ilikuwa na chuma sehemu moja tu kwa elfu ya kile cha Jua. Ukiutawanya mwanga wa Jua, upande wa buluu unajaa mistari myeusi, kila elementi ikiacha yake, iliyobanana hata jicho halipati pa kupumzika. Wa nyota yangu ulikuwa mtupu ajabu: mstari mpana wa haidrojeni karibu na nanomita 410, kisha vistari vya hapa na pale.

"Nenda 412.97," aliniambia dada mmoja Mkenya aliyenitangulia katika kazi hii. Hapo ndipo yuropiamu, metali adimu, huacha mstari wake.

Nikasogeza grafu. Kulikuwa na mstari mwembamba, umezama kidogo tu.

"Dada, ndio huu?"

"Usishangilie bado, mdogo wangu. Miale ya kosmiki, zile chembe za kutoka angani, hupiga kamera na kudanganya. Tazama na 420.5."

Wa pili nao ulikuwepo, mahali pake hasa. Mwili ulinisisimka. Yuropiamu nyingi huundwa pale neutroni zinapoingia kwenye viini vya atomi upesi kuliko viini hivyo vinavyoweza kuoza, na dhahabu na urani huzaliwa hivyo hivyo. Maana yake tukio kubwa lenye neutroni tele, kama mgongano ule, lilishapita kabla nyota hii haijakuwepo. Wapo wanaobisha kwamba migongano peke yake haitoshi, kwa kuwa nyota mbili za neutroni huchukua muda mrefu kukaribiana hadi zigongane. Naiona hoja hiyo kuwa nzito mpaka leo.

Tulipopiga hesabu, yuropiamu ikilinganishwa na chuma ilizidi ya Jua zaidi ya mara kumi. Dada akatoka mbio kumwita profesa. Mimi nikaanza kutafuta thoriamu, elementi inayooza polepole mno, kwenye 401.9, kwa sababu ikipatikana hiyo, umri wa nyota wenyewe unahesabika.