Ukifunga hoteli masika, usilifunge bwawa kama la Ulaya

Pampu na filta nyingi za mabwawa yetu ya kuogelea zinatoka nje, na kwenye boksi huwa mna kitabu chenye ukurasa wa kufunga bwawa wakati wa baridi. Ukurasa huo una sababu yake. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa hupasuka. Ndiyo maana mwenye bwawa wa Ujerumani anaambiwa apunguze maji, apulize mabomba kwa kompresa na atie dawa ya kuzuia kuganda.

Kwetu barafu iko kwenye friji tu. Hoteli za Paje, Jambiani, Kiwengwa na Matemwe, huku Unguja, zinazofunga Aprili na Mei hufunga kwa sababu ya mvua na uchache wa wageni. Maadui wa vifaa hapa ni unyevu, chumvi inayoletwa na upepo, na kukaa bila kazi. Anayefuata ukurasa ule neno kwa neno huua vitu ambavyo vingebaki vizima lau angeviacha vilipo.

Kosa la kwanza ni kumwaga bwawa. Ufukweni, maji ya chini ya ardhi hayako mbali, na mawe yetu ya matumbawe yamejaa matundu, kwa hiyo bahari ikijaa wakati wa bamvua maji hayo nayo hupanda. Ongeza mvua ya masika juu yake. Bwawa tupu hapo ni beseni lililokandamizwa ndani ya maji: linasukumwa kwenda juu. Sakafu hupasuka, vigae hubanduka, mabomba hukatika kwenye maungio. Uzito wa maji yaliyomo ndio unaolishikilia chini. Na bwawa lililobaki na maji ya kufika kifundo cha mguu ni mazalio ya mbu ya daraja la kwanza.

Basi liache limejaa, ila shusha maji kidogo chini ya kawaida, na hakikisha tundu la kutolea maji ya ziada halijazibwa na majani ya mnazi. Mvua ya Aprili peke yake Unguja kwa wastani hupita milimita 300. Kwenye bwawa la mita 10 kwa 4, kila milimita 100 ni lita 4,000 za maji yasiyo na dawa yoyote.

Tuchukue bwawa hilohilo lenye kina cha wastani cha mita 1.5, yaani lita 60,000. Siku ya kufunga, sugua kuta, fyonza sakafu, rekebisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.4, kisha jioni jua likishazama piga dozi nzito: gramu 900 za klorini ya unga ya asilimia 65, ambazo hukupa karibu miligramu 10 kwa lita. Koroga kwanza kwenye ndoo iliyojaa maji. Unga ndio unaoingia kwenye maji. Ukimimina maji juu ya unga unaweza kuchemka na kukurukia usoni. Pampu iende usiku kucha.

Baada ya hapo, kama mlinzi yupo na umeme upo, ushauri wetu ni mmoja: usizime pampu moja kwa moja. Saa tatu kwa siku zinatosha, na klorini ipimwe mara mbili kwa wiki. Ikiwa imekwisha, gramu 280 za unga uleule huirudisha kwenye miligramu 3 kwa lita. Gharama ya umeme huo ni ndogo ukilinganisha na kulirudisha bwawa lililogeuka kijani kibichi wiki moja kabla ya wageni wa Juni. Tena pampu inayozunguka kila siku haishiki kutu ndani, na mchanga wa filta hauozi.

Ikiwa umeme unakatwa kabisa, hapo ndipo kazi ya kuhifadhi inapoanza.

Filta ioshwe kwa kurudisha maji nyuma dakika tatu, mpaka kioo kidogo cha pembeni kionyeshe maji maangavu, halafu suuza nusu dakika. Mpini wa valvu, ule wa kuchagua njia ya maji kwenye filta, huzungushwa pampu ikiwa imezimwa. Ukiuzungusha huku maji yanasukuma, gasketi ya ndani (mpira wa kuzibia) hujikunja na kukatika, na tangu siku hiyo maji yatakuwa yanatoroka kwenye bomba la kutupia bila wewe kujua yanakopotelea. Mwisho fungua kizibo cha chini ya pipa la filta, maji yote yatoke, na mpini uuache katikati ya alama mbili. Hapo springi haikandamizi gasketi mahali pamoja kwa miezi miwili. Hili ni agizo moja la ukurasa wa baridi linalofaa hata kwetu. Maji ya kuoshea filta yasielekezwe ufukweni, hasa kule kina mama wanakopanda mwani.

Pampu ina vizibo viwili vya chini, kimoja upande wa kikapu na kimoja upande wa impela, ile feni ya ndani inayosukuma maji. Watu wengi hufungua cha kwanza tu, maji yanayobaki nyuma yanakaa kwenye sili, kile kizuizi cha maji kati ya pampu na mota, mpaka Juni. Fungua vyote viwili, suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hasa kama bwawa ni la mfumo wa kuzalisha klorini kutokana na chumvi, kisha vizibo vyenyewe viweke ndani ya kikapu cha pampu. Ukiviweka mfukoni au dirishani, hutaviona tena.

Oringi, yaani pete ya mpira, ya kifuniko cha pampu ipanguswe na kupakwa grisi ya silikoni. Si mafuta ya mgando, si grisi ya gari. Mpira wa aina hii ukipakwa mafuta ya petroli huvimba na kulegea kama tambi iliyolala kwenye mchuzi. Ukija kuirudisha kwenye mfereji wake unaikuta imezidi urefu, inatoka nje upande mmoja kila ukiibana upande wa pili. Pampu ikiwashwa inavuta hewa hapo, na fundi anaanza kutafuta tatizo kwenye mabomba.

Mota isifungwe kwa nailoni. Hili tunalisisitiza kwa sababu mwenye kulifanya huwa anadhani anaikinga. Mchana joto hupanda, usiku linashuka, unyevu ulionaswa ndani hugeuka matone, na mota inatota ndani ya koti lake kavu. Ifunike kwa boksi la plastiki lililopinduliwa au turubai iliyo wazi chini, hewa ipite. Kila wiki mbili mlinzi aingize bisibisi nyuma kwenye feni, breka ya umeme ikiwa imezimwa, azungushe shafti (mhimili wa mota) nusu mzunguko. Sili na beringi zikikaa bila kutikisika hugandana.

Boksi la umeme nalo lina wageni wake. Sisimizi hutaga ndani ya swichi, mijusi huingia kutafuta joto na kufia kati ya nyaya, na siku ya kuwasha unasikia mlipuko mdogo tu. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni. Breka zishushwe, zisiachwe zikingoja radi.

Sasa dawa, na hapa hatuna utani. Stoo ya klorini katika hoteli nyingi ni chumba kilekile cha jenereta, kwa kuwa ndicho chenye kufuli. Dizeli, oili, rangi na klorini ya unga vinalala pamoja. Klorini hii ikikutana na mafuta inaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Ihamishe. Ibaki kwenye ndoo yake ya asili, kifuniko kimebanwa, juu ya chaga, isiguse sakafu wala ukuta unaovuja, mahali penye hewa na kivuli. Ikishika unyevu hupoteza nguvu, huganda madonge, na hutoa mvuke unaokula kila chuma kilichomo chumbani: bawaba, misumari ya bati, hata spana ndani ya sanduku.

Tindikali iwe chumba kingine kabisa. Dumu moja likivuja juu ya klorini, inayotoka ni gesi ya sumu. Vidonge vikubwa vya klorini navyo si ndugu na unga, ingawa vinauzwa duka moja: vikichanganyika, hata kwa kijiko kimoja kilichotumika kote kuwili, vinaweza kulipuka. Kila dawa na kijiko chake, kikavu. Vidonge vilivyobaki kwenye skima, ule mdomo wa ukutani unaofyonza uchafu wa juu ya maji, vitolewe, kwa sababu pampu ikisimama huyeyuka palepale na kuacha maji makali kama siki ndani ya bomba. Klorini ya maji usiiweke kabisa; katika joto letu hupungua nguvu siku hadi siku. Itumie kwenye dozi ya mwisho.

Vifaa vya mkono ni rahisi. Vyote visuuzwe kwa maji baridi, vikaushwe kivulini. Bomba la kufyonzea limwagwe maji na kulazwa kwa duara pana juu ya rafu. Ukilitundika kwenye msumari linajikunja pale pale na kupasuka. Fimbo ya aluminiamu itenganishwe vipande viwili, vinginevyo chumvi inaviunganisha na hata watu wawili hawavitenganishi. Brashi itundikwe, isisimame kwa nywele zake. Roboti ya kusafishia bwawa hutolewa vichujio, waya wake ukanyooshwa usokoto wote kabla ya kukunjwa. Taa za ndani ya bwawa ziache humohumo majini.

Kisanduku cha kuzalisha klorini kutokana na chumvi hupata ukoko mweupe, maana maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi. Kiloweke kwenye sehemu moja ya tindikali katika kumi za maji, tindikali ikimiminwa kwenye maji, dakika 15 kwa wingi, mapovu yakikoma toa. Kukwangua kwa kisu kunaondoa ukoko pamoja na utando wa bei kubwa ulio juu ya mabati. Kipimo cha pH cha umeme hakiwekwi kikavu wala kwenye maji safi ya betri. Kofia yake ijazwe maji yake maalumu ya kloridi ya potasiamu.

Siku ya kufungua, rudisha vizibo, jaza maji kwenye kikapu cha pampu kabla ya kuwasha, na uanze na kuosha filta ili uchafu uliolala kwenye mchanga usirudi bwawani. Kisha chuchumaa uangalie pale pampu inapoungana na mota. Matone machache ya dakika za mwanzo si neno, sili iliyokauka huhitaji kulowa kwanza. Yakiendelea kudondoka baada ya nusu saa, zima na ubadilishe sili siku hiyohiyo, kwani kituo kinachofuata cha maji hayo ni beringi ya mota.