Siku Msimbazi Ulipotuamsha

Saa 9:30 usiku. Simu inalia. Ni kijana anayelinda genge karibu na mto. "Mama mwenyekiti, maji yameshika mgomba." Hapa kwetu Hananasif, mtaa ninaouongoza Dar es Salaam, mgomba ule ndio kipimo. Maji yakifika kwenye shina lake, wa nyumba za chini hawana muda. Kwetu yalikuwa manyunyu tu, lakini Msimbazi haungoji mvua yetu. Maji yanatoka huko juu, vilima vya Pugu. Tena ni siku za bamvua: bahari imejaa pale daraja la Salenda, mto hauna pa kumwaga.

Saa 10 usiku. Napuliza filimbi niliyoazima timu ya vijana. Wawili wanapita kuzima mainswichi, wengine wanabeba watoto. Mwalimu mkuu anafika na funguo za shule, msuli bado kiunoni. Mimi nimeshika daftari la wakazi, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Saa 11 alfajiri. Bibi mmoja hatoki. Maji yako kwenye vifundo vya miguu, yeye kakaa kitandani na tasbihi yake.

"Shikamoo bibi. Twende."

"Marahaba. Nenda wewe, mwanangu. 2011 niliondoka, niliporudi hata mlango sikuukuta."

Nilitaka kufoka. Nakiri, nilishafungua mdomo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi wa mabondeni wakapelekwa viwanja vya Mabwepande. Mtu aliyeyaona yale hatishwi na maneno yangu. Nikakaa naye kitandani, miguu majini, nikamuuliza kitu gani kinamuuma kukiacha. Akaonyesha cherehani kwa kidevu.

Vijana wawili wakaitwa. Cherehani ikatangulia, imebebwa kichwani na meza yake ya chuma. Bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaifuata nyuma akiwakemea: "Taratibu! Msinivunjie gurudumu!" Sikuhitaji kusema neno jingine. Kijana mmoja nikamwacha juu ya ukuta wa jirani alinde mlango.

Saa 2 asubuhi. Shuleni. Nasoma majina, watu wanaitika. 63. Mama lishe wa kona kaleta sufuria la uji, hajauliza nani atalipa. Mwisho wa foleni anasimama kijana wa sare ya ulinzi, begi mgongoni, katoka lindo. Simjui. Ni mpangaji, ana miezi minne kwenye chumba cha uani, na mwenye nyumba hakumleta kuandikishwa. Wala mimi sikupita kuuliza. Kama angekuwa amelala mle ndani usiku ule, nani angeita jina lake? Uji ulinikwama kooni.

Saa 5. Maji ya kunywa. Visima vya huku vikishaingiliwa na maji ya vyoo, kipindupindu hakiko mbali. Nimeweka mama mmoja mkali kwenye pipa la maji yenye dawa, hapiti mtu na kikombe chake kichafu. Vyoo vya wanawake tumevitenga.

Saa 8 mchana. Ofisi moja iliahidi magodoro. Tunapigiana simu. Nimechoka kusikia "yako njiani", ila watu hawa hawapaswi kuuona uchovu wangu. Naenda nyuma ya darasa la nne, nalia kidogo, nanawa uso, narudi.

Saa 12 jioni. Maji yameshuka chini ya mgomba. Tope hadi magotini. Mlango wa bibi upo. Nimempelekea habari mwenyewe. Kaitikia kwa kichwa tu, anapaka gurudumu mafuta ya kula kwa kipande cha kitenge.

Saa 2 usiku. Yule mlinzi kaja. Anatakiwa lindoni, hajalala tangu jana, na bosi wake hataki visingizio. Siku za kawaida watu hunifuata kwa ajili ya muhuri tu: barua ya benki, ya dhamana. Nikamwandikia barua kwa mwanga wa tochi, kwamba chumba chake kimeingia maji na tunamwombea usiku mmoja apumzike. Kwanza lakini nilifungua daftari, nikamuuliza jina lake kamili na simu ya mama yake. Namba 64.

Muhuri ulikuwa umeloa. Nikaupiga mara mbili ndipo ukasomeka.