Ulaya kwa begi moja la mgongoni

Kwetu Mwanza, ikishasikika kwamba mtu anakwenda Ulaya, begi lake linakuwa la ukoo mzima. Kwa hiyo mimi kupunguza mizigo nilianzia kwa ndugu, nguo zikafuata baadaye.

Nilikuwa naelekea Ujerumani na Uholanzi kukaa msimu mzima wa baridi, na nilitaka begi moja tu la kuingia nalo ndani ya ndege. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7, na uzito wa begi lenyewe unahesabiwa humohumo. Nilikwenda nalo likiwa tupu kwa muuza samaki pale Mwaloni Kirumba, akanipimia kwa mizani yake ya kuning'iniza. Nilichagua la kitambaa lisilo na magurudumu, maana magurudumu na vyuma vyake vinakula kilo bure.

Shangazi alikuja kutoka Magu na chupa ya samli. Niliketi naye nikamweleza kwamba Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri anayetoka kwetu kuingiza nyama, maziwa wala vitu vya maziwa. Forodha wakiiona wanaichukua.

"Na dagaa nao, mwanangu?"

Dagaa ruksa, shangazi. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20. Tukakubaliana nibebe wakavu kidogo, waliotolewa vichwa, mfuko ufungwe barabara kwa ajili ya harufu. Samli ikaenda kwa bibi.

Waliokuja na vifurushi vilivyokwisha kushonwa, vya kuwapelekea watoto wao, niliwakatalia kwa heshima bila kuzungukazunguka. Uwanjani ukiulizwa nani kafunga mzigo huu, jibu liwe ni wewe mwenyewe. Hapo silegezi kamba hata kwa ndugu wa damu. Mmoja alininunia, nikampigia simu nilipofika, tukayamaliza.

Nguo nilichambua mitumba soko la Mlango Mmoja: sweta la sufu, na fulana nyembamba za mikono mirefu za kuvaa moja juu ya nyingine. Hewa inayobaki katikati ya nguo na nguo ndiyo inayotunza joto, kwa hiyo tatu nyepesi zinanifaa kuliko moja nene, na ukizifua zinakauka upesi. Buti nilivaa, koti zito nikalishika mkononi na jua la Mwanza lile.

Halafu kanga! Doti moja ilinitosha kuwa taulo, shuka, mtandio na pazia la dirisha. Naifua usiku, asubuhi imekauka. Sijaona nguo nyingine inayostahili nafasi yake begini namna hiyo.

Vya majimaji haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kila chupa, na mafuta ya mgando nayo yamo kwenye hesabu hiyo. Sabuni ya kipande haimo; nilibeba moja ya kuogea na kufulia. Soketi za kule ni za pini mbili za mviringo, basi nunua adapta mjini kabla hujaondoka.

Pawabenki hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Ndege ikijaa, wahudumu wanaweza kulichukua begi lako mlangoni walishushe huko. Kabla hujawakabidhi, toa pawabenki, dawa na pasipoti, ubaki navyo mkononi.