Wembe wa Zamani na Wembe wa Kuagiza

Katika kabati la bafu langu mna nyembe kumi na moja za kukunja, na karibu kila asubuhi mkono wangu huuchukua uleule usiovutia macho: wembe wa Sheffield, mji wa Uingereza wa wafua visu, wenye mpini wa pembe nyeusi iliyopinda kidogo, wenye madoa ya kutu ya kale, na wenye alama ya taji iliyogongwa kati ya herufi W na R. Herufi hizo ni za Mfalme William wa Nne, aliyetawala Uingereza kuanzia 1830 hadi 1837. Ulikuwa wembe wa kawaida wa mtu wa kawaida, nami niliununua kwa bei ndogo kuliko ya paketi mbili za nyembe za dukani.

Sikuingia katika jambo hili kwa kupenda vitu vya kale. Nilikuwa na vipele vya ndevu vilivyonisumbua shingoni kwa miaka mingi. Nywele zetu za kipilipili, zikikatwa na kifaa chenye nyembe tatu au tano zilizopangwa pamoja, huvutwa kwanza na kukatwa chini ya usawa wa ngozi, kisha ncha zake hujikunja na kuchoma ngozi kutokea ndani. Wembe mmoja, ukipitishwa kwa kufuata uelekeo wa nywele, huziacha zikiwa usawa wa ngozi. Miongozo mingi husema ngozi ivutwe ikakamae. Mimi huivuta kidogo tu, na sipandishi wembe kinyume cha nywele hata siku ya harusi. Walioambiana kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walijua pia ufundi wenyewe: ndevu zisizoloweshwa kwa maji ya moto dakika kadhaa huutesa wembe na uso kwa pamoja.

Nyembe za wakati wa wembe wangu zina ubapa mnene wenye umbo linalokaribia kabari. Zile zilizochimbwa mashavuni hadi ubapa ukawa mwembamba kama karatasi zilienea baadaye katika karne ya 19, na mafundi wa Solingen, Ujerumani, ndio waliojipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Feleji ya Sheffield nayo ina hadithi yake. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengeneza saa aliyetokea Doncaster, alichoshwa na feleji mbaya ya kamani, akaanza kuiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo hadi ikawa na ubora uleule kote. Wafua visu wa Sheffield waliikataa mwanzoni kwa sababu ilikuwa ngumu mno kufuliwa, mpaka walipoona Wafaransa wanaoinunua wakiwashinda sokoni. Tanuri ya namna hiyo bado ipo pale Abbeydale, pembezoni mwa Sheffield, na mtu akisimama mbele yake huacha kushangaa kwa nini wembe wa kale haujachoka.

Anayetafuta umri wa wembe usio na herufi za mfalme aangalie jina la nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo wembe ulioandikwa England au Germany kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Kukosekana kwa jina si uthibitisho wa ukale, ingawa wauzaji hupenda tuamini hivyo.

Mimi nimekwisha kulipia imani za namna hiyo. Muuzaji mmoja aliniuzia wembe uliong'aa kama kioo, akisema uko tayari kwa kunyoa. Ulikuwa umesuguliwa kwa mashine hadi ukapata joto kupita kiasi. Karibu na ncha palikuwa na kivuli cha buluu, na hapo feleji ilikuwa imelegea, haishiki makali hata kwa kunyoa mara moja. Hasara nyingine niliitafuta mwenyewe: niliweka wembe wenye mpini wa seluloidi, plastiki ya zamani, iliyoanza kuoza katika sanduku moja na nyingine, na gesi yake ikazitia kutu nyembe mbili za jirani.

Kunoa ndiko kulikonifundisha subira. Wembe ukilazwa kwenye kinoo, mgongo na makali hugusa jiwe kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwinamo ulikwisha kuamuliwa na fundi, na kazi ya mkono ni kutobonyeza tu. Huanza na jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, jiwe huwa laini zaidi) iwapo makali yamevunjika, nikapanda hadi 8000, nikamalizia kwa jiwe la manjano la Ardennes, Ubelgiji, lililolowa maji. Kwenye jiwe makali hutangulia. Kwenye mkanda wa ngozi mgongo hutangulia, na wembe hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo. Mkanda wangu wa kwanza niliukata siku ya pili kwa kusahau hilo. Baada ya kunyoa nakausha vizuri na kupaka tone la mafuta ya cherehani, kwa kuwa mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Simwazimi mtu wembe, hata ndugu, kwa sababu ya damu.

Mwaka juzi niliagiza wembe wangu mwenyewe kwa mhunzi, upana wa sehemu saba kati ya nane za inchi moja, ncha ya mviringo, na mpini wa mpingo. Sheffield ya zamani ilitia mipini ya pembe za ndovu, na nyingi za pembe hizo zilipitia Unguja. Nilitaka kitu kingine cha kwetu, ambacho hakikuua mnyama. Nilingoja miezi minane. Ulipofika, niliukalisha mezani jioni nzima nikiutazama. Asubuhi nikagundua kwamba mpingo, mti unaozama majini, ni mzito mno kwa ubapa ule, na wembe huuvuta mkono nyuma kila unapofika chini ya taya. Mhunzi hana kosa, maana unene wa mpini niliuchagua mimi kwa uzuri wake. Kwa sasa nautumia Jumapili, nisipokuwa na haraka, na nimekwisha kununua tupa ndogo ya kung'olea pini zake, ili niupunguze mpini milimita moja kila upande.